Tunda Lililovikwa Shuka

Mbita,
5 Oktoba 1997

Kwako mdogo wangu Bravin,

Nakusalimu kwa mikono miwili kutoka huku kwenye upepo wa ziwa. Mimi ni mzima, tena si ule uzima wa kuandika kwa sababu barua inataka salamu. Ni mzima hadi naona aibu. Baba naye hajambo, kikohozi kimepungua. Miwa ya shamba la chini imekatwa, lakini lori la kiwanda halijafika kwetu Uriri na inakauka kando ya barabara. Fahali wako Rateng' amenenepa, mweusi tii, na Baba anasema ana kiburi kama mwenyewe.

Sasa nikuambie ya kwangu, maana hukuwepo siku ya harusi na sijakusamehe. Bravin, sikujua mtu anaweza kupendwa hivi! Elkanah anatengeneza boti ufuoni, na jioni akirudi ananukia mbao na lami, nami nakaa mlangoni nikiinusa harufu hiyo kabla sijamwona. Juzi alibeba debe la maji kichwani, mchana kweupe, kwa sababu nilikuwa na maumivu ya shingo. Wanawake waliokuwa wakianika omena wakampigia kelele: "Elka! Umeoa au umeolewa?" Akawajibu bila kugeuka, asimwage maji, "Nimeolewa, na msiulize mahari yangu, mtalia." Nilicheka nikaketi chini.

Mama mkwe, Mama Pauline, bado hajanipa jiko langu. Napikia kwake hadi siku atakayoniwekea mafiga yangu mwenyewe, kama ilivyo desturi. Ananitazama nikikoroga ugali kama mwalimu anayesimamia mtihani. Lakini nitafaulu.

Baba aliniuliza kama umejifunza kuogelea. Nilisema ndiyo. Je, nilisema kweli? Niandikie kwa sanduku la posta la mume wangu pale Homa Bay, maana barua za Uriri hupitia shuleni na nyingine huishia huko. Za Baba nitampelekea nimsomee, kama siku zote.

Dada yako mwenye furaha kupita kiasi,
Filister


Mombasa,
21 Oktoba 1997

Dada Filister,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji aliyeolewa. Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya wenzangu, nikaruka yale ya harufu.

Mimi ni mzima. Kadeti melini ni mtu wa mwisho kulala na wa kwanza kulaumiwa. Tunakwangua kutu, tunasugua sitaha, tunapaka rangi, halafu kutu inarudi na tunaanza tena. Mchana tunafundishwa kusoma ramani ya bahari na kushika usukani kwa dira. Mara ya kwanza niliposhika usukani, Luteni aliangalia nyuma kwenye povu la meli akaniuliza, "Kadeti, unaandika jina lako majini?" Njia yangu ilikuwa imepinda kama nyoka. Siku hizi imenyooka kidogo.

Nina rafiki hapa, Jeremiah Marwa, Mkuria wa karibu na Isibania. Sisi wawili ndio pekee kutoka Migori. Yeye amekua na ng'ombe, na nilipomwambia nina fahali alicheka hadi akashika tumbo. Anasema Mjaluo wa kwenye miwa hawezi kuwa na fahali, labda nimeona mbuzi mkubwa. Nimemwelezea pembe za Rateng' kwa urefu wake, kwa mikono, na bado hakubali. Ameapa atakuja Uriri likizoni amwone kwa macho yake. Kwa hiyo mwambie Baba, tafadhali, asimwuze Rateng' hata karo ya mtu ikikosekana.

Kuogelea najua. Kiasi.

Ndugu yako,
Bravin


Mombasa,
12 Novemba 1997

Dada,

Hujambo? Na wa nyumbani? Naandika kwa haraka. Kesho tunang'oa nanga kuelekea kusini, karibu mwezi mzima. Mvua hii imeharibu barabara na wanasema barua hazipiti vizuri, kwa hiyo ukikosa neno langu usijaze kichwa mawazo.

Kuna mazoezi ya boti ndogo. Kadeti wanne wanateremshwa baharini na makasia na tanga dogo, meli inasogea mbali, nao wanaitafuta kwa dira. Mimi na Jeremiah tumepangwa boti moja. Yeye kaniambia nikitapika nitapike upande wangu.

Baba usimwambie habari ya boti ndogo. Mwambie meli ni kubwa, ina injini mbili na daktari.

Bravin


Mbita,
28 Novemba 1997

Bravin,

Sijui nianzeje salamu. Nitasalimu kama kawaida. Hujambo. Mimi sijambo. Elkanah anakusalimu, yuko nyuma yangu anapiga patasi kwenye mpini wa kasia ambao hauhitaji kupigwa patasi.

Jumanne chifu alikwenda kwa Baba. Alipata taarifa kwa redio ya polisi kwamba boti ya kadeti wanne imepotea kwenye dhoruba, na jina lako limo. Meli iliwatafuta siku kadhaa. Boti haikuonekana wala mtu. Chifu alisema neno "wamepotea" na Baba akamuuliza mara tatu kama ni kupotea kama ng'ombe au kupotea kama mtu. Hayo nimeyasikia kwa binamu aliyetumwa kwangu, naye alifika hapa matope hadi magotini.

Baba amekisia kwamba nilijua habari ya boti ndogo, kwa kuwa barua zako hupitia kwangu. Binamu alisema, "Mzee anauliza, kwa nini uliambiwa wewe na si yeye?"

Naandika kwenye anwani yako ileile ya Mombasa. Elkanah hakuniuliza kwa nini naandika. Aliniletea taa tu, akakata utambi. Naye kasema neno moja nililolishika: boti ya aina hiyo ikigeuka haizami, inabaki ikielea na mtu anaweza kuishikilia. Kwa hiyo kama boti haijaonekana, basi iko mahali, na wewe uko nayo.

Sijui kama alisema ukweli au alinipenda tu.

Dada yako,
Filister


Mbita,
14 Desemba 1997

Mdogo wangu Bravin,

Salamu. Mvua haijakoma. Magugu maji yamejaa gatini hadi unaona kama shamba la kijani ambalo mtu anaweza kulikanyaga, na boti zinakwama humo. Kuku wa Mama Pauline wawili wamekufa. Mimi ni mzima.

Nataka ujue wanachopanga, ili ukiwa unasoma haya mahali popote, uharakishe.

Baba amekuota mara mbili umesimama mlangoni mwa simba yako, ile nyumba yako ya ujana, umelowa, ukiomba shuka. Wazee wamemwambia roho yako inahangaika kwa kukosa kaburi. Ulikuwa mdogo walipomzika Ombogo, kaka yake babu, aliyepotelea ziwani, labda hukumbuki. Walichuma tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia kama mguu wa mtu, wakalivika shuka na kulizika kama mwili. Ndivyo wanavyotaka kukufanyia. Na mtu akishazikwa kwa yago ameisha. Hata akirudi na miguu yake, hawezi kuingia kwa lango la baba yake. Simba yake imebomolewa, jina lake limeliliwa. Atapita nje ya boma akiwaona watu wake kwa mbali.

Kitu kimoja tu kinawazuia, nacho ni mimi. Mama alituzaa sisi wawili na yeye hayupo, na Baba hataki kukuzika kabla dada yako wa tumbo moja hajafika kulia langoni. Basi sifiki.

Mjumbe wa kwanza nilimwambia maji yamepita juu ya barabara pale mto Kuja. Ni kweli yalipita, ingawa yalishapungua. Wa pili nilimwambia boti za Homa Bay zimenaswa na magugu. Hiyo pia ilikuwa kweli, nusu. Sijawahi kuwa mwongo, Bravin, na sasa nasali mvua iendelee kama mkulima asiye na akili.

Mama Pauline hanisemeshi. Anaambiwa sokoni kwamba familia yake imemfungia mke asiende kumlilia ndugu yake. Jana aliniambia jikoni, bila kunitazama, "Mke anayecheka vizuri lazima ajue na kulia." Kijiko kilinianguka.

Na Elkanah? Nilitaka kukuficha hili. Tumegombana. Aliniambia kwa sauti ya chini, akiniita binti wa Uriri kwa lugha ya kwetu, "Nyar Uriri, siku moja utalazimika kwenda. Afadhali twende wawili kuliko uje kuburutwa." Nikamuuliza kama na yeye anaamini umekufa. Alinyamaza kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kumsamehe. Usiku huo nililala nimemgeuzia mgongo, mara ya kwanza tangu harusi. Asubuhi nikakuta amenichotea maji. Nampenda, Bravin, na namwogopa akinyamaza.

Rudi.

Filister


Mbita,
22 Desemba 1997

Bravin,

Baba alikuja hapa mwenyewe.

Unajua maana yake. Baba wa bi harusi hafiki kwa mkwe kiholela hivi, kabla ya kualikwa na kupokelewa. Alisimama nje ya lango na bakora yake, koti limelowa, hakukubali kiti wala maji. Mama Pauline alipomwona alijificha nyuma ya ghala, kwa heshima. Niliposogea kumsalimu alirudi hatua nyuma.

"Filister," akasema, "nimekuja kukuchukua ulie."

"Baba, sijamwona. Nitamliliaje mtu ambaye sijamwona?"

"Bahari haionyeshi."

"Basi ngoja hadi mwaka mpya."

"Mimi sina usingizi. Kila nikifumba macho yuko mlangoni. Unataka niendelee kumwona amelowa? Hadi lini?" Bravin, sauti yake ilikatika, na sijawahi kuisikia ikikatika, hata Mama alipofariki. "Wewe una mtu wa kukushika usiku. Mimi niko peke yangu na yule mtoto mlangoni."

Niliona nimekuwa nikimtesa. Sikuwa nimeliwaza hilo hata mara moja. Nilikuwa nawaza juu yako, na juu yangu.

Elkanah alikuwa amefika kutoka ufuoni, mikono imejaa lami. Alipiga goti kwenye matope, umbali wa adabu, akasema, "Baba, boti haijaonekana. Sisi wa huku tunaulizia boti kwanza."

"Kijana," Baba akamjibu, "wewe umeoa binti yangu. Hujaoa kilio changu."

Elkanah akainamisha kichwa. Baba alisema mazishi ni Jumamosi, tarehe ishirini na saba, kabla watu hawajatawanyika kwa ajili ya kura ya Jumatatu. Yago limeshachumwa. Rateng' amefungwa kando kwa ajili ya waombolezaji. Nikifika ama nisifike, shimo litafunikwa jioni hiyo.

Nimekubali. Tutaondoka Ijumaa kwa boti hadi Homa Bay, kisha tutapanda gari. Elkanah anakuja nami.

Nisamehe. Nilikuzuilia lango kadiri nilivyoweza.

Filister


Kisiwani, karibu na Pemba,
6 Desemba 1997

Dada Filister,

Hujambo? Baba hajambo? Shemeji je?

Mimi niko hai. Nilitaka kuandika hilo kwanza, kabla mwenye jahazi hajabadili mawazo. Anakwenda Tanga kuuza pweza wakavu na amekubali kuipeleka barua hii posta.

Mvua ilitukuta kwenye zoezi, hatukuiona meli tena, na mkondo ukatuchukua. Kasia moja lilivunjika. Boti iligeuka mara mbili. Wavuvi wa hapa walituokota tukiwa tumeishikilia ubavuni. Nimekuwa na homa kali na midomo ilipasuka hivi kwamba sikuweza kunywa ila kwa kijiko. Bibi mmoja ananilisha uji na kucheka Kiswahili changu. Ananiambia, "Mwanangu, we wasema kama unagombana." Sheha, ambaye ni kama chifu wa hapa, ametuma habari, lakini bahari imechafuka na hakuna chombo kinachokuja kutuchukua. Tunangoja.

Tulikuwa wanne. Tuko wawili, mimi na kadeti mmoja wa Kitui.

Usiniulize habari za Jeremiah. Nitasema siku nitakapoweza.

Mwambie Baba nilikuwa na hofu ila sikutupa kasia langu. Na mwambie asimwuze Rateng'. Najua bei ya ng'ombe hupanda Krismasi. Asimwuze, nimemwahidi mtu.

Bravin


Mbita,
4 Januari 1998

Bravin wangu, Bravin, Bravin!

Hujambo! Hujambo mara mia! Niache niandike jina lako hadi wino uishe. Mimi ni mzima, Baba ni mzima, Elkanah ni mzima na ni mume bora kuliko wanaume wote wa ziwa hili na bahari yako pia. Nitakueleza, kaa chini.

Tulitoka hapa Ijumaa ya Boksing Dei asubuhi. Nilikuwa nimevaa nguo nyeusi ya Mama Pauline, na alinivika mwenyewe, akanifunga kamba kiunoni. Uongo wangu ulinigeukia ukawa kweli, maana karibu na gati la Homa Bay magugu yalitunasa, injini ikazongwa na mizizi. Elkanah na wenye boti waliyakata kwa panga hadi giza likaingia. Tulifika nchi kavu tumechelewa kabisa, magari yameisha. Nililia njia nzima, nikiwaza watakuzika bila mimi, na kwamba hilo ndilo nililokuwa nikiliomba mwezi mzima.

Tulilala kwa shangazi yake. Asubuhi Elkanah akasema, "Posta inafunguliwa Jumamosi. Tupitie." Nikamwambia hakuna maana. Akasema, "Nimepitia kila nilipokuja mjini, sitaacha leo." Sikujua! Kumbe kila alipoleta boti ya mtu Homa Bay alikuwa anafungua lile sanduku, anakuta tupu, anarudi na kunyamaza. Ndicho kilichokuwa ndani ya ule ukimya niliomnunia. Mwanaume huyu, Bravin. Mwanaume huyu!

Na humo ndani ikawemo barua yenye stempu ya Tanzania, na mwandiko wako uliolala upande kama mlevi.

Sikumbuki safari hadi Awendo. Kutoka hapo tulipata trekta la miwa, na kutoka barabarani tukakimbia. Nilipoliona lango nikapiga kelele, "Yuko hai! Yuko hai!" Na unajua nini kikatokea? Watu walimwona dada wa marehemu anakuja mbio, nguo nyeusi, mikono juu, anapiga kelele. Wakajua ni kilio kimefika! Wanawake wote wakasimama wakalipuka kulia pamoja nami. Kadiri nilivyopaza sauti ndivyo walivyopaza ya kwao. Mmoja akanikumbatia, akaniziba mdomo kwa bega lake akisema, "Lia, mama, lia, umetuweka sana." Na kule nyuma ya simba yako nikawaona vijana wamelibeba lile tunda, refu, limevikwa shuka jeupe na kufungwa kamba sehemu tatu, wanalipeleka shimoni.

Elkanah ni mkwe. Mkwe hukaa mbali na kaburi, anainamisha macho, anangoja kuambiwa. Mume wangu aliyapita majamvi ya wazee, akapita mbele ya Baba, akalichukua lile tunda mikononi mwa wale vijana, akaliweka begani, akatoka nalo nje ya boma mbio. Na shuka lake! Kilio kilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Mzee mmoja akauliza, "Mkwe ameiba maiti?"

Hapo ndipo niliposikika.

Baba hakusogea. Akasema, "Soma." Nikasoma mbele ya watu wote. Nilipomaliza mjomba akasema barua ni ya tarehe sita, leo ni ishirini na saba, na mtu huweza kuandika akiwa hai na barua ikafika yeye hayupo. Watu wakaguna. Niliona Baba anataka kuniamini na anaogopa, maana alishachoka kungoja, na kungoja upya ni kazi nzito kuliko kuzika.

Akasema, "Soma tena pale mwisho."

Nikasoma. Mwambie Baba asimwuze Rateng'. Najua bei ya ng'ombe hupanda Krismasi.

Baba alisimama. Alikwenda pale fahali alipofungwa, na kisu kimeshanolewa kiko juu ya majani ya mgomba, akainama na kuifungua ile kamba kwa vidole vyake, polepole, kwa sababu fundo lilikuwa limelowa. Rateng' akatembea zake kula miwa iliyobaki. Kisha Baba akawageukia watu: "Aliyekufa hajali bei ya ng'ombe. Nendeni nyumbani, mkapige kura."

Lililobaki ni shimo. Kaburi lililochimbwa haliachwi wazi, lazima liingie kitu. Wazee walitaka wazike gogo la mgomba, kama inavyofanywa. Baba akakataa kuzika kitu kilichokatwa. Aling'oa chipukizi hai la mgomba, na mizizi yake, akalipanda humo mwenyewe. Kwa hiyo nyuma ya nyumba yako una mgomba. Ukija, usishangae.

Jana chifu alifika na habari rasmi kwamba mmepatikana na mmerudishwa Mombasa, amebeba barua yenye mihuri, ana fahari. Baba alimkaribisha uji.

Na mimi, Mama Pauline alinipokea langoni niliporudi. Kumbe habari za mkwe kukimbia na tunda zilifika kabla yetu. Alinishika mkono akanipeleka nyumbani kwangu, na hapo sakafuni palikuwa na mafiga matatu mapya.

Kuhusu Jeremiah sijakuuliza. Lakini Baba ameuliza ni nani uliyemwahidi.

Dada yako, mke wa Elkanah,
Filister


Uriri,
15 Februari 1998

Dada Filister,

Salamu kwako na kwa shemeji mwizi wa maiti. Nimepewa likizo fupi. Baba ni mzima na analala, tena anakoroma, nimemsikia kutoka kwenye simba.

Niliporudi Mombasa nilikuta barua zako zimenisubiri pamoja. Nilizisoma kwa mpangilio, nikajiona nikifa kidogo kidogo, hadi ile ya Januari. Sikuweza kujibu kwa karatasi. Nikangoja kuja.

Niliuona mgomba. Umeshika. Nilisimama kando yake, Baba akaja akasimama upande wa pili, tukautazama kama watu wawili wanaokagua kazi ya fundi. Mwishowe akasema, "Shimo nilichimba fupi. Nilipima kwa jinsi ulivyoondoka." Nikamwambia hata tunda lingekunja magoti. Alicheka, akageuka upande, akapenga kamasi kwa muda mrefu.

Uliniambia Baba ameuliza niliyemwahidi. Nilimweleza huku tumekaa na Rateng'. Nilimweleza mambo ambayo sijamwambia hata Luteni, na wewe pia nitakueleza, ila si leo. Leo nitasema hili tu: Jeremiah alikuwa anajua kuogelea kuliko sisi wote, na ndiye aliyekuwa akitoka kwenda kurudisha kasia kila lilipotuponyoka. Mara ya mwisho alilirudisha kasia. Yeye hakuufikia ubavu wa boti.

Baba alisikiliza hadi mwisho. Asubuhi nilipoamka nikakuta Rateng' amefungwa kamba mpya na Baba amevaa koti.

Nikamwambia, "Baba, nilikuandikia usimwuze."

Akasema, "Nani anauza?"

Tulimpakia kwenye lori la mtu wa Awendo anayekwenda mpakani. Kwa akina Jeremiah walikuwa bado wamekaa nje kwenye matanga, wazee na vijana. Hawazungumzi Dholuo na Baba hajui Kikuria, kwa hiyo Baba alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambacho hakina neno kasia: "Mtoto wenu alitaka kuona hii ng'ombe. Tumeleta. Yeye alirudisha mkono wa kuvuta maji, mtoto wangu akakuja nyumbani. Mimi sina neno ingine."

Mama yake alitoka ndani. Alimzunguka Rateng' polepole, akashika pembe moja, akapima urefu wake kwa mkono, kisha ya pili. Akaniuliza mimi, "Alisema huna fahali?"

"Alisema ni mbuzi mkubwa, Mama."

Kwa mara ya kwanza tangu tufike, mtu wa nyumba ile alicheka. Alicheka akiwa ameegemeza paji la uso kwenye shingo ya fahali, na kicheko kikageuka huko huko, na wanawake wakaja kumshika. Sikuondoka. Nilibaki nimeishika kamba hadi akamaliza.

Naripoti melini Jumatatu ijayo. Luteni ameniambia zamu yangu ya kwanza ni ya usukani.

Ndugu yako,
Bravin